Moki Zilizaliwa Kuikwepa Sifa

Swali ambalo vijana wanaoandika programu za simu huniuliza kuliko jingine lolote ni hili: klasi yangu inasoma sifa ya kitu kingine, nitafanyaje ili ndani ya jaribio sifa hiyo ijibu ninavyotaka mimi? Kitu chenyewe kinaweza kuwa simu, na sifa ikawa toleo la mfumo wake. Kinaweza kuwa akaunti ya mwanachama wa SACCOS, na sifa ikawa salio. Kijana anataka salio liwe shilingi 10,000 katika jaribio moja na sifuri katika jaribio linalofuata, bila seva, bila mtandao, bila mwanachama wa kweli. Anatarajia nimpe mstari mmoja wa msimbo. Humpa, maana kazi haisubiri. Lakini jibu kamili limo katika historia ya robo karne, na historia hiyo sijaiona ikifundishwa popote nilipopita. Ndiyo maana naiandika.

Tuelewane kwanza. Jaribio la kipande ni programu ndogo inayoitisha kipande kimoja cha programu kubwa na kukagua kama kimefanya inavyopasa. Kipande hakikai peke yake. Kinategemea hifadhidata, saa, mtandao, kamera. Katika jaribio, mahali pa hivyo vya kweli huwekwa bandia. Bandia inayotoa jibu lililoandaliwa, basi, huitwa stabu. Bandia inayokumbuka pia imeambiwa nini, na kulifelisha jaribio ikiwa haikuambiwa ilichotarajia, ndiyo moki. Gerard Meszaros, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu ruwaza za majaribio, aliziita bandia zote kwa jina moja alilolichukua kwa wale watu wa filamu wanaoruka kutoka ghorofani kwa niaba ya nyota. Kazini kwetu kila bandia ni moki, na kwa kazi za kila siku hilo halidhuru. Katika historia linadhuru, kwa sababu stabu na moki zilitoka katika haja mbili tofauti.

Sura ya majaribio tunayoyaona leo ilitoka kwa Kent Beck, Mmarekani aliyekuwa akiandika kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1994 alichapisha makala fupi iliyoeleza namna rahisi ya kuandika majaribio kwa lugha ile ile ya programu yenyewe. Kutoka hapo ikaja SUnit. Mwaka 1997 alipanda ndege Zurich kwenda Atlanta kwenye mkutano wa OOPSLA, akiwa pamoja na Erich Gamma, na humo angani wawili hao wakaanza kuiandika upya kwa Java. Hiyo ndiyo JUnit, na karibu kila mtu anayeandika programu ya Android anaitumia, ajue asijue ilikotoka.

Hadi hapo hapakuwa na moki. Mtu alikiamuru kitu kifanye kazi, kisha akakiuliza: sasa hali yako ikoje? Ili kiweze kuulizwa, kitu kilihitaji geta, yaani methodi ndogo ya kurudisha thamani ya sifa iliyofichwa ndani. Majaribio yalipoongezeka, geta zikaongezeka nazo. Klasi ambazo zingeweza kutunza siri zao zikawa zinaacha milango wazi kwa ajili ya mkaguzi, na milango ikishakuwa wazi hapiti mkaguzi peke yake. Msimbo mwingine nao huanza kuingia humo humo, kusoma sifa na kufanya maamuzi ambayo yalikuwa ya mwenyewe.

London, mwaka 1999, kulikuwa na kikundi kidogo cha watu waliokutana kujadili ujenzi wa programu: Tim Mackinnon, Peter Marks, Ivan Moore na John Nolan. Nolan alikuwa mkuu wa teknolojia wa kampuni changa iitwayo Connextra. Yeye ndiye aliyewawekea waandishi wake sharti ambalo, nikilitafakari, naliona kuwa la ujasiri mkubwa: andikeni msimbo usio na geta. Kitu kisiulizwe kina nini ndani. Kiambiwe cha kufanya, kikihitaji msaada kimwambie jirani yake naye afanye sehemu yake.

Sharti hilo lilikuwa zuri kwa mpangilio wa programu, lakini likawanyima wajaribu macho. Kama kitu hakina geta, utajuaje kimefanya kazi? Mfano ambao watu wa kundi hilo waliutumia baadaye kueleza ni wa roboti. Unaiamuru roboti iende mahali ambapo tayari ipo, inapaswa isisogee. Kwa mtindo wa zamani ungeongeza geta ya kurudisha orodha ya miendo ya karibuni, uihesabu, uone kama ni sifuri. Orodha hiyo hakuna anayeihitaji isipokuwa jaribio. Kwa mtindo mpya unajiuliza: roboti inasogea kwa kuiambia nini? Inaiambia mota. Basi toa mota nje, ipe roboti mota kupitia intafesi, na siku ya jaribio uipe mota bandia. Mota hiyo ikisikia amri ya kusogea wakati hatukutarajia amri yoyote, inapiga kelele pale pale. Roboti haikufunua chochote. Jaribio limesimama mahali pa jirani, na kutoka hapo linasikia yote.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndilo jambo lililosahauliwa kuliko yote. Moki hazikubuniwa ili tuweze kupanga majibu ya sifa. Zilibuniwa na watu waliokuwa wanazikimbia sifa. Mwezi Juni mwaka 2000, Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig waliwasilisha makala yao kuhusu moki katika mkutano wa XP2000, kisiwani Sardinia, Italia. Makala hiyo ilikuwa inajibu swali la Nolan: tutaishije bila geta?

Maktaba zilifuata kwa kasi. Java 1.3, iliyotoka mwaka huo huo wa 2000, ilikuwa imeleta uwezo wa kuunda wakala wa intafesi wakati programu inaendeshwa, bila kuandika klasi yake kwa mkono. Tammo Freese akautumia kutengeneza EasyMock mwaka 2001. Kundi la London likatoa jMock, na mwaka 2004 Freeman, Mackinnon, Nat Pryce na Joe Walnes walikwenda Vancouver kuwaeleza wenzao wa OOPSLA kwamba kinachoigizwa ni wajibu kati ya vitu, na kwamba anayeigiza kila klasi anayokutana nayo hajaelewa. Mwaka huo huo Martin Fowler aliandika makala iliyotenganisha moki na stabu, na kueleza kambi mbili: wanaokagua hali ya kitu baada ya kazi, na wanaokagua mazungumzo kati ya vitu. Kambi ya pili watu wakaizoea kwa jina la shule ya London.

Kisha ikaja Mockito, ambayo Szczepan Faber na wenzake waliianza wakiwa katika mradi wa gazeti la Guardian, London hiyo hiyo, kwa kuuchukua msimbo wa EasyMock na kuugeuza. Ilikuwa rahisi kuliko zote zilizotangulia. Mtu aliandika: inapoitwa methodi hii, rudisha hiki. Wepesi huo ulikuwa baraka kwa wengi, nami ni mmojawao. Ulileta pia mazoea ambayo Nolan asingeyafurahia, maana mfano wa kwanza ambao karibu kila mtu huandika kwa Mockito ni wa geta: jina likiulizwa, rudisha jina fulani. Stabu ya sifa ikageuka kuwa mlango wa kuingilia katika somo zima.

Wakati huo simu zilikuwa njiani.

Upande wa Apple mambo yalikuwa mepesi kwa bahati ya urithi. Objective-C iliundwa na Brad Cox na Tom Love mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuichanganya C na fikra za Smalltalk: kitu hakiitwi methodi, kinatumiwa ujumbe, na ujumbe unatafutiwa mpokeaji wakati programu inaendeshwa. Kampuni ya NeXT ikaichukua lugha hiyo, Apple ikainunua NeXT, na iPhone ikazaliwa ikiizungumza. Katika lugha ya namna hiyo bandia ni kazi ndogo. Unatengeneza kitu kisichojua ujumbe wowote, na kila ujumbe unaokifikia unauelekeza unakotaka. Erik Dörnenburg alifanya hivyo katika OCMock, akitumia klasi ya wakala iliyokuwamo ndani ya mfumo tangu zamani.

Mwaka 2007, pamoja na toleo la Leopard la mfumo wa Mac, Objective-C 2.0 ilileta namna rasmi ya kutangaza sifa. Mwandishi anatangaza sifa, kompaila inamtengenezea geta na seta. Kuandika nukta kati ya kitu na sifa yake kulikuwa kurahisisha mwandiko tu. Chini yake kulikuwa na ujumbe ule ule. Kwa hiyo App Store ilipofunguliwa Julai 2008, kustabu sifa kwenye iPhone hakukuwa tofauti na kustabu methodi yoyote. Uliiambia OCMock ujumbe wenye jina la sifa ukija urudishwe kitu fulani, ikawa. Hata kitu cha kweli kilichokwisha kuundwa kiliweza kubadilishwa sifa moja tu na kuachwa zingine, kwa sababu lugha iliruhusu kukibadilishia klasi kikiwa hai.

Palikuwa na shimo moja ambalo waandishi wa wakati ule hawalisahau. Core Data, mfumo wa Apple wa kuhifadhi taarifa, uliofika kwenye iPhone mwaka 2009, ulitangaza sifa zake kuwa zitapatikana baadaye: geta zake hazikuwapo kwenye klasi hadi programu ianze kukimbia na kuzihitaji. Moki iliyoitazama klasi hiyo kabla ya wakati haikuona kitu, ikakataa kustabu sifa ambayo mwandishi alikuwa anaiona kwa macho yake kwenye faili. Watu walihangaika, wakaandika intafesi zao za pembeni zenye sifa hizo hizo. Bila kukusudia, walirudi kwenye ushauri wa roboti na mota.

Android ndiyo iliyotutesa, na mateso yake yana sababu inayoeleweka. Simu ya kwanza ya Android, ile HTC iliyouzwa kwa jina la T-Mobile G1 mwezi Oktoba 2008, ilikuwa na RAM ya megabaiti 192. Mashine ya Dalvik iliyoendesha programu zake ilikuwa changa, na kwa miaka miwili ya kwanza haikuwa na uwezo wa kutafsiri msimbo kuwa lugha ya prosesa wakati unaendeshwa. Uwezo huo ulikuja na toleo la 2.2 mwaka 2010. Kila mwito wa methodi ulikuwa na gharama. Kwa hiyo mwongozo rasmi wa Google kwa waandishi wa programu ulisema wazi: ndani ya klasi zenu epukeni geta na seta, isomeni fildi moja kwa moja. Ukatoa na hesabu: bila tafsiri hiyo, kusoma fildi ni haraka mara 3 kuliko kuita geta ndogo, ikiwapo tafsiri, ni mara 7.

Ushauri ulikuwa wa kweli kwa simu za wakati ule, nami siwalaumu waliouandika. Betri ilikuwa ndogo na prosesa ilikuwa dhaifu. Ila angalia ulichozaa. Waandishi wa mfumo wenyewe walijaza klasi zao fildi za wazi: msongamano wa nukta za skrini ni fildi, mwelekeo wa simu ni fildi, namba ya toleo la programu iliyosakinishwa ni fildi, alama ya ujumbe unaopitishwa kati ya sehemu za programu ni fildi. Na moki za Java haziwezi kuigusa fildi. Moki hufanya kazi kwa kurithi klasi na kuandika upya methodi zake. Mtu akiita methodi, bandia inajibu. Akisoma fildi hakuna mwito wowote, hakuna wa kumkatiza njiani. Anachukua thamani iliyomo kwenye kumbukumbu na kuondoka.

Ongeza hapo kero ya pili. Faili la android.jar ambalo mwandishi anapewa kwenye kompyuta yake lina majina ya klasi zote za Android, lakini ndani ya methodi hamna kitu ila mstari wa kurusha kosa lenye neno moja, Stub, na alama ya mshangao. Faili hilo liliwekwa kwa ajili ya kompaila, programu halisi ikimbie kwenye simu. Matokeo yake ni kwamba jaribio la kipande lililogusa klasi yoyote ya mfumo kwenye kompyuta lilianguka hapo hapo. Aliyetaka kujaribu ilimbidi awashe emuleta, na emuleta za miaka ile, kwa kompyuta tulizokuwa nazo, zilikuwa ni za kuwasha asubuhi na kwenda kunywa chai.

Mwaka 2010 watu wa Pivotal Labs walitoa Robolectric, iliyoweka nyuma ya klasi za Android vivuli vinavyojibu ndani ya kompyuta. Mwaka 2012 Google ikatoa dexmaker, maktaba ya kuunda klasi mpya ndani ya Dalvik yenyewe, na Mockito ikaweza kufanya kazi kwenye simu. Mwaka 2015 Android Studio ikaanza rasmi kuunga mkono majaribio ya vipande kwenye kompyuta. Kosa la Stub likageuzwa kuwa ujumbe wa kueleza kwamba methodi fulani haikuwekewa moki, na mpangilio wa Gradle ukaruhusu methodi zote tupu zirudishe sifuri au batili badala ya kuanguka.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu, kwa sababu niliyaona madhara yake. Sifa inayosomwa na karibu kila programu ya Android duniani ni Build.VERSION.SDK_INT, namba ya toleo la mfumo wa simu. Huku kwetu sifa hii ina uzito wa pekee. Mtu anayenunua simu Kariakoo anaweza kutoka na toleo la mwaka huu au la miaka saba nyuma, na programu ya fedha au ya mikopo inapaswa kufanya kazi kwa wote wawili. Kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015, yenye namba 23, programu inatakiwa imwombe mtumiaji ruhusa ya kamera wakati inaitumia. Kabla ya hapo ruhusa ilitolewa siku ya kusakinisha. Hivyo msimbo una njia mbili, na namba hiyo ndiyo njia panda.

SDK_INT ni fildi, tena ya klasi na si ya kitu, tena imefungwa isibadilishwe. Vikwazo vyote vitatu kwa pamoja. Na kwenye kompyuta, ndani ya android.jar tupu, thamani yake ni sifuri.

Katika kampuni moja niliyofanyia kazi nilikabidhiwa programu ya wakala ambayo hupiga picha kitambulisho cha mteja. Ilikuwa na majaribio mengi na yote yalikuwa ya kijani. Mawakala wenye simu mpya walikuwa wanalalamika kwamba kamera haifunguki. Kijana aliyekuwa karibu nami alikaa na msimbo huo mchana kutwa, kisha akaniita: “Dada, mbona humu kwenye jaribio toleo la simu ni sifuri?” Ndivyo ilivyokuwa. Sifuri ni ndogo kuliko 23, kwa hiyo kila jaribio lilikuwa linapita njia ya simu za zamani. Njia ya simu mpya haikuwahi kukaguliwa na jaribio hata moja, na hakuna rangi nyekundu iliyowaka kumwambia mtu. Kwa maoni yangu jaribio linalojibu sifuri kimya kimya ni baya kuliko lile la zamani lililoanguka kwa kelele.

Dawa iliyokuwa ikizunguka miaka hiyo ilikuwa ya kuvunja kufuli. Kwa kutumia rifleksheni ya Java, mtu aliifikia fildi, akaifikia na alama ya ndani inayosema fildi imefungwa, akaifuta alama, akaandika namba anayotaka. Ilifanya kazi, na nimeiona katika miradi mingi. Lakini Java 12, mwaka 2019, iliificha alama hiyo isionekane kwa rifleksheni, na zana za ujenzi za Android toleo la 8, mwaka 2023, zikalazimisha Java 17. Miradi iliyokuwa imeegemea ujanja huo ikaamka siku moja majaribio yameanguka kwa pamoja. Robolectric ilibaki na njia safi zaidi, ya kutaja juu ya jaribio toleo la Android linalotakiwa, na hiyo ninaiheshimu.

Lugha mpya zilipokuja ziligeuza meza tena, kila moja kwa upande wake. Apple ilitangaza Swift mwezi Juni 2014, na uhuru wa Objective-C ukaondoka. Swift inataka kujua mapema nani atajibu nini; haina mlango wa kukibadilishia kitu klasi kikiwa hai, na vitu vyake vingi havirithiwi kabisa. Kwa msimbo safi wa Swift, OCMock haikuwa na pa kushika. Waandishi waliozoea starehe walilalamika sana. Wengine walitengeneza zana za kuandika bandia kwa niaba yao kabla ya kompaila kuanza kazi, kama Sourcery na Cuckoo. Wengi wetu tuliandika kwa mkono: unatangaza itifaki yenye sifa inayosomeka, klasi ya kweli inaitimiza, na bandia inaitimiza kwa kuwa na fildi ya kawaida ambayo jaribio linaiwekea thamani. Mistari mitano. Sifa imestabiwa bila maktaba yoyote. Mkutano wa Apple wa mwaka 2015, ambapo Dave Abrahams alieleza programu inayojengwa juu ya itifaki, uliwapa watu sababu za kujivunia njia hiyo.

Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android tarehe 17 Mei 2017, ilileta kitu na kuondoa kingine. Ilichokileta ni kikubwa: sifa ya Kotlin, hata ikiandikwa kama fildi, chini yake ni geta. Shida ya fildi za wazi ikaisha kwa msimbo mpya, na gharama ya geta ilikwisha kupungua tangu Android ilipojifunza kuzifuta zile ndogo kwenye tafsiri yake. Kilichoondoka ni urithi. Klasi ya Kotlin imefungwa isirithiwe hadi mwandishi aifungue kwa makusudi, na Mockito iliishi kwa kurithi. Mockito 2, ya mwaka 2016, ilikuwa imeleta njia nyingine, ya kuubadilisha msimbo wa klasi yenyewe badala ya kuirithi, lakini ilikuwa ya kuwashwa kwa faili dogo la siri ambalo wengi hawakulijua. Mwaka 2017 ikatokea MockK, iliyoandikwa kwa ajili ya Kotlin, ambayo kustabu sifa ndani yake kunasomeka kama sentensi: kila sifa hii ikisomwa, rudisha hiki. Mockito 5 ya Januari 2023 ikaifanya njia ya kubadilisha msimbo kuwa ya kawaida.

Hivyo leo zana zinaweza karibu kila kitu. Zinafungua klasi zilizofungwa, zinaigiza methodi za klasi, zinastabu sifa zenye geta ya siri. Hata hivyo, mwandishi wa Kotlin akiweka juu ya sifa alama ya kuifanya fildi ya Java, geta inatoweka, na moki inabaki imeshika hewa kama mwaka 2008. Na moki ya klasi yenye sifa zinazotayarishwa ndani ya konstrakta huundwa bila konstrakta hiyo kuitwa, kwa hiyo fildi zake ni batili. Anayezisoma kupitia methodi halisi anaangukia kosa ambalo halimhusu mtumiaji yeyote duniani.

Kwenye timu yetu tumeamua hivi kuhusu SDK_INT. Ipo intafesi ndogo yenye maswali ambayo programu inayahitaji kweli, kwa mfano kama simu hii inataka ruhusa ya kamera iombwe wakati wa matumizi. Klasi moja tu ya kweli ndiyo inayosoma fildi, na kazi yake ni hiyo tu. Majaribio mengine yote hupewa bandia iliyoandikwa kwa mkono, inayojibu ndiyo au hapana. Hakuna maktaba iliyoingia hapo, na hakuna kilichoanguka tulipohamia Java 17. Kwa salio la mwanachama tulikwenda mbali zaidi: skrini ya mkopo haisomi tena salio ili iamue. Inaiambia akaunti, huyu anaomba kiasi hiki, na akaunti inamjibu msikilizaji wake kwamba imekubali au imekataa. Sifa ya salio haistabiwi kwa sababu hakuna anayeiuliza.

Naamini shule ya London ilikuwa sahihi kuhusu hili, na kwamba miaka kumi ya fildi za Android ilitufundisha kulitatua tatizo kwa nguvu za zana pale ambapo lilihitaji kuhamishwa. Sisemi kila stabu ya sifa ni kosa. Kitu cha kubeba taarifa, kama jina na namba ya simu ya mteja, hakihitaji moki hata kidogo. Kiunde cha kweli, kijaze, endelea. Kinachotoka kwa wenye mfumo na hukiwezi, kizungushie intafesi yako. Lakini jaribio linapohitaji sifa sita za kitu kimoja zistabiwe kabla halijaanza kazi, hapo klasi inayojaribiwa inafanya kazi ya jirani yake, na hakuna maktaba itakayoiambia hivyo.

Wenzangu mnaoandika programu za simu, na hasa mnaofundisha vijana: makala ya Mackinnon, Freeman na Craig ya mwaka 2000 inapatikana, na Kiingereza chake si kigumu. Isomeni pamoja nao kabla hamjawapa mstari wa MockK, na kabla hamjaongeza maktaba nyingine kwenye faili la Gradle.